Petroli ya Kufika Marsabit

Kila nikipanga foleni bombani mnaniuliza habari ya Marsabit, na kila nikianza kusimulia, debe la mtu linajaa, anajitwika na kwenda zake. Nimechoka kurudia mwanzo. Nimenunua daftari, nimekaa chini, naandika mara moja tu, nanyi mtaazimana nyumba kwa nyumba. Mama Ndunge atawaambia nimetia chumvi. Msimsikilize, maana nusu ya safari alikuwa amefumba macho.

Sababu ya safari wengi mnaijua, lakini nitaiweka hapa kwa ajili ya wageni. Mwanangu Kariuki ni mwalimu. Alipelekwa kufundisha Marsabit, na huko akampenda Darmi, binti wa Wagabra, watu wa ngamia. Aliponiandikia kwamba anataka kumwoa, nilimjibu kwa mstari mmoja: "Huyo usiniletee." Hakumleta. Alimwoa hukohuko, na kwa miaka miwili sikupata barua nyingine. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai.

Halafu barua ikaja. Amezaliwa msichana, mzima, na hajapewa jina. Sasa, kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza wa mwanangu ni mimi. Simaanishi kwamba anachukua jina langu tu. Ni mimi, Nyokabi, nimezaliwa tena, na mwanamke ambaye hakuzaliwa tena huisha siku anayozikwa. Kariuki aliandika: "Mama, tunakungoja uje umtaje kwa mdomo wako. Lakini wazee wa upande wa mama yake wanauliza, na hatuwezi kuvuta zaidi ya mwisho wa mwezi. Usipokuja tutajua jibu lako." Nilisoma maneno hayo nikiwa nimekaa juu ya gunia kwenye kibanda changu cha maharagwe Gikomba. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

SHAURI MOYO HADI KARATINA

Mdogo wangu Njoroge, yule mfua mabati anayetengeneza karai na masanduku, alikuwa na gari. Mnalijua. Alilinunua kwa mkulima mmoja mzungu aliyekuwa anauza kila kitu arudi kwao: gari la familia, viti tisa, refu kuliko chumba changu na jiko lake, magurudumu manne yote yanavuta. Siku lilipoingia mtaani kwetu Shauri Moyo watoto walilizunguka kimya, na nakubali hata mimi niliinama nikatazama chini yake nione limeshikiliwa na nini. Kwa wiki moja tulikuwa watu wakubwa. Wiki ya pili Njoroge alilitia petroli kwa mara ya kwanza kwa hela yake mwenyewe, akarudi nyumbani akalala na viatu.

Mwaka ule petroli ilikuwa imepanda na mara nyingine haipatikani kabisa, hadi wenye magari walikuwa wakiyaosha tu Jumamosi na kuyaacha palepale. Kipimo cha tangi cha Njoroge kilikuwa kimekufa. Basi akachukua mwiko mrefu wa mkewe, ule wa ugali wa sherehe, akachoma alama kumi na tano kwenye mpini kwa waya wa moto, kila alama galoni moja. Kabla ya kuondoka popote aliuzamisha kwenye tangi, akauchomoa, akausoma kama daktari anavyosoma kipimo cha homa. Mkewe, Mama Wairimu, alikwenda akanunua mwiko mwingine.

Nilipomwomba anipeleke alichukua siku sita kutafuta petroli na kupiga hesabu. Siku sita! Nilienda kwake kila asubuhi nikasimama mlangoni nikiwa nimevaa kitambaa cha safari kichwani ili anione. Siku ya sita akasema, "Sawa, Sista. Lakini bila mzigo."

Alikuwa amechelewa. Kina mama wa kanisa walikwisha kuleta vitu. Mzazi wa kwetu haendewi mikono mitupu: anapelekewa njahi, yale maharagwe meusi yanayoleta maziwa, na ndizi, na uji uliochachushwa, na kuni. Kuni ndizo kubwa. Kumpelekea mkwe kuni ni kumwambia: pumzika, wewe ni wetu, moto wako ni juu yetu. Nilikuwa na mizigo minne, imefungwa kwa kamba na kubanwa vizuri, kwa sababu nani asiyejua kwamba kaskazini ni jangwa? Usiku nilikuwa nikimfikiria yule msichana niliyemkataa, anatafuta kijiti cha kuchemshia maji mahali pasipo na kijiti, na nilijionea aibu.

"Hiyo kuni ni kilo ngapi?" Njoroge aliuliza.

"Kuni hazipimwi kwa kilo."

"Kwa hii gari zinapimwa kwa galoni," akasema, lakini alizipandisha kwenye keria, juu ya paa.

Mama Ndunge wa Kaloleni alikubali kunisindikiza, maana kuni hazipelekwi na mwanamke mmoja. Yeye ni Mkamba na kwao wana desturi zao, lakini tumeimba pamoja kanisani miaka kumi na moja na anajua kunisimamia. Tukaondoka asubuhi, watatu, zikiwa zimebaki siku sita.

Njoroge alikuwa na sheria zake. Madirisha yafungwe, upepo unavuta gari nyuma. Kila mteremko, fri: anatoa gia na kuacha gari lijiendee lenyewe. Kila mlima, tuache kuzungumza. Sijui mazungumzo yanakula petroli namna gani, lakini tulinyamaza. Hadi Thika nilikuwa nimeloa jasho, na kutoka Thika hadi Sagana nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kukijua kwa maisha yangu yote ya kutembea kwa miguu, kwamba nchi yetu hii haina mahali tambarare.

Karatina tulisimama tukala nduma na chai. Watu walilizunguka gari. Hakuna aliyeuliza linakwenda kasi gani wala limetoka wapi. Wote waliuliza swali moja: "Inakunywa ngapi?"

"Maili ishirini kwa galoni," Njoroge akajibu kwa sauti.

Mzee mmoja aliyekuwa akiuza viazi alilitazama kuanzia mbele hadi nyuma, akatazama kuni juu yake, akasema, "Hapana." Kisha akaendelea kupanga viazi vyake.

KARATINA HADI NANYUKI

Sitaandika mengi juu ya mchana huo, maana tulikwenda polepole hadi lori la mawe lilitupita. Njoroge alikuwa amesikia kwamba ukiuzuia mguu usikanyage sana mafuta petroli inadumu, na aliuzuia hadi ukafa ganzi, akashuka akarukaruka kando ya barabara.

Lakini Nanyuki nitaandika. Tulilala kwa binti wa shangazi yetu, na asubuhi tulipotoka nje mawingu yalikuwa yamefunguka. Nimeuona mlima wetu mara nyingi, kutoka mbali, kitu cha buluu kilichokaa mwisho wa macho. Sikujua ni mkubwa hivyo. Nilirudisha kichwa nyuma, nikarudisha tena, na bado kulikuwa na mlima juu yake, na juu kabisa ile theluji, nyeupe na kavu, inang'aa. Babu yangu aliomba akiuelekea maisha yake yote bila kuukaribia. Nilisimama na kikombe cha chai mkononi hadi kikapoa. Mama Ndunge, ambaye mlima huo si wa watu wake, alivua kitambaa chake cha kichwani bila kuambiwa.

Njoroge alizima injini ya gari. Nilidhani ni kwa heshima. Baadaye alikiri kwamba ilikuwa kwa heshima na kwa petroli.

NANYUKI HADI ISIOLO

Baada ya Timau barabara inafika ukingoni na dunia inashuka. Chini kabisa, kwa mbali, mnaona nchi nyingine, ya rangi ya ngozi ya simba, haina mwisho. Sote watatu tulinyamaza bila kuamrishwa. Kisha Njoroge akatabasamu, na tabasamu lile silipendi.

"Sista, huu mteremko wote ni bure."

Akaweka fri na kuzima injini. Gari likateremka kimya, unasikia upepo na kuni zinavyolia kwenye kamba. Mwanzoni ilikuwa tamu. Maili ya kwanza hatukutumia hata tone, na Njoroge alikuwa akizihesabu kwa sauti kama anayevuna. Maili ya pili kasi ikaongezeka, akawa anabana breki, anaachia, anabana. Maili ya tatu tukasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Mama Ndunge akafumba macho akaanza wimbo wa kanisani, na alianza na ule wa mazishi.

"Washa gari!" nikamwambia Njoroge.

"Ikiwaka itakunywa!"

"Isipowaka tutakunywa sisi, mbinguni."

Aliwasha. Gari likashikwa na gia, likanguruma, likatii. Tulisimama kando, moshi ukitoka kwenye magurudumu yote manne, tukakaa pale karibu saa mbili mpaka yakapoa. Huko Isiolo fundi alizifungua breki akamwonyesha vile zilivyokwisha, na kuzitengeneza kulikula siku nzima na hela ambayo ingejaza tangi. Njoroge alikuwa ameokoa petroli ya kikombe kimoja. Sikumwambia kitu. Ndugu yako akijiumiza mwenyewe huna haja ya kumsaidia.

ISIOLO

Zilikuwa zimebaki siku nne na nilitaka kuendelea kesho yake. Haikuwezekana. Kutoka Isiolo huendi peke yako kwa sababu ya majambazi. Unangoja magari yakusanyike, askari watangulie, ndipo kizuizi kinafunguliwa. Na petroli ilikuwa imekwisha kituoni. Lori la kuileta lingekuja kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Nilikaa siku tatu mbele ya mkahawa mmoja wa Msomali nikiyatazama maisha. Sijawahi kukaa siku tatu bila kuuza kitu. Watu wa kule wanatembea wamenyooka, wanawake warefu waliojitanda, wazee wenye fimbo, na hakuna anayekimbia. Mama wa mkahawa alinipa chai iliyo nzito na nzuri hivi kwamba niliomba ya pili na ya tatu, nikamsifu kwa maziwa yake. "Ngamia," akasema. Nikamwambia hapana, sina haja ya ngamia, nashukuru. Akaonyesha kikombe changu. Mama Ndunge alitema yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kunywa vikombe vitatu, na kwa kweli nilikunywa cha nne.

Hapo ndipo tulipokutana na Adan, dereva wa lori la sukari la kwenda Moyale. Alikuja kwenye gari letu na swali lile lile, "Nakunywa ngapi?" Njoroge, ambaye Karatina alisema ishirini, sasa alisema kumi na tano. Kisha Adan akatazama juu ya keria.

"Mama, hii kuni napeleka wapi?"

"Marsabit."

Alicheka. Alicheka hadi akashika mlango wa gari, akacheka hadi akachuchumaa. Nilimwuliza kama kwao mtu mzima akibeba zawadi huchekwa, na kama mama yake alimfundisha hivyo. Alinyamaza mara moja, akaomba radhi, akaenda zake akiwa ameziba mdomo. Kama ningemwacha amalize kucheka angeniambia sababu. Ndivyo hasira yangu inavyonifanyia.

Jioni ya tatu lori la petroli lilikuja. Kila gari lilipewa kiasi chake na si zaidi. Njoroge alizamisha mwiko mara mbili: alama kumi na tatu. Kwa hesabu yake hadi Marsabit tulihitaji kumi na mbili, na katikati hakuna kituo chochote. Alilala palepale ndani ya gari akiukumbatia ule mwiko. Ilikuwa imebaki siku moja.

ISIOLO HADI LAISAMIS

Msafara uliondoka asubuhi: malori manne, gari la askari, na sisi. Lami ikaisha na barabara ikawa mikunjo mitupu. Njoroge, aliyefua mabati miaka ishirini, alisema hajawahi kuona bati refu namna hii. Gari lilitetemeka hadi meno ya Mama Ndunge yakawa yanagongana akiongea, basi akaacha kuongea, na huo peke yake ulikuwa muujiza.

Nataka niwaeleze nchi ile lakini sina maneno ya kutosha, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Kuna mlima unaitwa Ololokwe, umesimama peke yake umekatwa wima kama mkate, na unautazama kwa saa nzima na bado uko palepale. Baada yake hakuna kitu. Yaani kuna miiba, kuna mchanga mwekundu, kuna anga, lakini hakuna kinachokuambia umefika wapi. Niliona twiga watano wamesimama wanatutazama sisi kwa huruma. Nilifikiri juu ya Kariuki, aliyekuwa akipita njia hii kila likizo kuja kwangu, kabla sijamfungia mlango. Hakuwahi kuniambia ni mbali hivi. Au aliniambia na sikusikiliza.

Merille kuna laga, mto usio na maji, mchanga mtupu. Malori yakavuka. Sisi tukazama. Njoroge akavuta kile kigingi cha kufanya magurudumu yote manne yavute, gari likalia kwa sauti ambayo sitaisahau, mchanga ukaruka, na mimi na Mama Ndunge tukasukuma, na abiria wa malori wakaja wakasukuma. Tulitoka. Kila mtu alishangilia isipokuwa Njoroge, aliyekuwa amesikiliza injini ile ikilia kwa robo saa nzima bila kwenda popote.

Laisamis alizamisha mwiko. Alama nne. Alizihesabu kwa kidole, akaupangusa, akauzamisha tena.

"Nahitaji sita," akasema.

Malori ni ya dizeli. Hakuna mtu katika msafara wote aliyekuwa na petroli isipokuwa askari, na wao walikuwa na yao tu. Njoroge alikaa kwenye mchanga, kivulini mwa gari lake kubwa, kisha akainuka na kuanza kufungua kamba za keria.

"Njoroge, unafanya nini?"

"Hii kuni inashuka."

"Haishuki."

"Sista, tukibaki hapa hakuna kuni, hakuna mtoto, hakuna jina. Leo ndiyo mwisho wa mwezi. Unataka kufika ama unataka kubeba?"

"Nataka kufika nikiwa nimebeba. Miaka miwili nilimwambia yule msichana si wetu. Nitaingia kwake na nini? Na mdomo?"

"Na jina lako lenyewe, Nyokabi, si la Kikuyu, lilitoka kwa watu wa ng'ombe tuliooana nao. Ungekumbuka hiyo miaka miwili iliyopita."

Hapo nililia, na wengi mnajua kwamba silii mbele ya watu. Nilishika mzigo mmoja, yeye ameshika upande wa pili, watu wazima wawili tunavutana kuni jangwani. Adan akaja. Safari hii hakucheka. Aliuliza polepole kuni hizi ni za nani, na nikamwambia yote: mkwe wangu amezaa, nilimkataa, kwetu hii ndiyo namna ya kusema nimekosa.

"Kumbe ni heshima," akasema. "Mimi nilidhani ni biashara." Akapiga mluzi, abiria wakashuka kutoka juu ya sukari, na mizigo yangu yote minne ya kuni ikapanda, na njahi, na ndizi. "Heshima nabeba mimi. Wewe beba roho tu. Mwalimu Kariuki najua nyumba yake."

LAISAMIS HADI MARSABIT

Gari likiwa jepesi lilikwenda vizuri. Malori yalitutangulia, gari la askari likabaki nyuma yetu. Tulipita Logologo. Mbele yetu Marsabit ulionekana, mlima mrefu wa buluu unaochomoza katikati ya utupu na wingu limekaa kichwani pake. Njoroge alikuwa akisikiliza injini kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa.

Barabara ikaanza kupanda. Gari likakohoa. Likakohoa tena, likazima.

Mwiko ukatoka umelowa ncha tu. Nilidhani ndiyo mwisho, na nilikuwa nimekwisha kufungua mlango niende kwa miguu. Njoroge alilala chini ya gari, akatazama tangi kwa muda mrefu, akatoka na vumbi kichwani.

"Iko," akasema. "Iko kidogo. Lakini tukipanda inakimbilia nyuma, na bomba lake linanyonya mbele. Ingia."

Aliligeuza gari kwa kulisukuma na askari, likatazama tulikotoka. Akaliwasha. Akaingiza gia ya nyuma. Na hivyo ndivyo nilivyoupanda mlima wa Marsabit, wapenzi, kinyumenyume, Njoroge amepinda shingo akitazama nyuma, gari la askari likitufuata uso kwa uso, askari wanne wamekodoa macho.

Yeye alikuwa akiitazama barabara. Mimi niliitazama dunia. Kioo chote cha mbele kilijaa jangwa lile tulilolivuka, na kila tulipopanda liliongezeka. Niliiona barabara yetu, uzi mwembamba mwekundu. Niliona vivuli vya mawingu vinavyotembea, kila kimoja kikubwa kuliko Nairobi nzima. Niliona milima ambayo kule chini ilitutisha, sasa ni kama viatu vilivyovuliwa mlangoni. Nilifikiri, Mungu aliumba yote haya na mimi nimekaa miaka hamsini nikigombana foleni ya bomba. Sikuwa na hofu tena. Nilikuwa nimejaa tu, sijui nimejaa nini.

Kisha baridi ikaingia. Ukungu ukapita mbele ya kioo. Na kutoka nyuma yetu, pande zote mbili, vikaanza kutokea vitu vikubwa vyeusi, kimoja baada ya kingine, vinatupita polepole.

"Mama Kariuki," Mama Ndunge akasema kwa sauti ndogo. "Ni miti."

Ilikuwa miti. Miti minene ambayo watu wanne hawawezi kuikumbatia, yenye ndevu za kijani zinazoning'inia, na chini yake matawi yaliyokauka yamelala ovyo, kuni za bure, kuni za kutosha Shauri Moyo yote na Kaloleni hadi kiama. Njoroge alisimamisha gari pale ardhi iliposawazika, akaweka kichwa juu ya usukani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kisha nikasikia sauti, na sisi wanawake tukajiunga, tukacheka hadi askari walikuja kutuuliza kama tunahitaji msaada.

KWA KARIUKI

Tuliingia mjini jua likiwa bado juu. Kuni zilikuwa zimetangulia. Zilikuwa zimepangwa ukutani, na Kariuki alikuwa amesimama kando yake. Adan hakuwa amemwambia ni za nani, lakini Kariuki alikuwa ameutambua mfungo wangu wa kamba, na tangu alipouona hakutoka pale. Aliniambia, "Mama, hapa kuna msitu." Nikamwambia, "Najua. Nyamaza." Akanikumbatia, na yeye si mtoto wa kukumbatia watu.

Ndani, Darmi alikuwa kitandani. Ni msichana mwembamba, macho makubwa, Kiswahili chake safi kuliko changu. "Karibu, mama," akasema. "Nimeziona kuni. Kariuki amenieleza." Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha tangu Thika, lakini nilimshika miguu tu.

Akaniwekea mtoto mikononi. Mwepesi, ana joto, amekunja uso. "Leo ndiyo mwisho," Darmi akasema. "Tumekungoja. Mtaje."

Kwenye pembe ya chumba alikuwa amekaa mwanamke wa umri wangu, amejitanda kitambaa kilichofifia, anakunywa chai. Mbele yake kilikuwa chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi. Njoroge, ambaye hawezi kukaa na mtu bila kuuliza, alimwamkia kisha akauliza amefika na gari gani.

"Huyo ni mama yangu, Talaso," Darmi akasema. "Hakuja na gari. Ametoka Maikona kwa miguu, siku nne, na ngamia wa kubeba maziwa. Alipita kwenye mawe, viatu vikakatika siku ya pili."

"Na ngamia alikula nini?"

Darmi akamwuliza mama yake, akajibiwa. "Anasema alikula miti ya njiani."

"Na maji?"

"Alikunywa alipotoka. Na alikunywa alipofika."

Nilimwona Njoroge akipiga hesabu, midomo inacheza, kisha nikamwona akiiacha.

Mimi nilikuwa nikiitazama miguu ya yule mama. Ilikuwa imepasuka hadi damu, imepakwa mafuta, ameikunja chini ya nguo ili isionekane. Nilimwuliza Darmi mama yake alikuja kuomba jina gani. Akashangaa. "Hajaomba jina. Alisikia mtoto ana bibi mwingine, wa Nairobi, mwenye haki yake. Alileta maziwa tu."

Nilimtazama mtoto. Njia nzima, kila maili, nilikuwa nimelirudia jina langu moyoni ili nitakapolitaja lisikwame. Kariuki alikuwa amesimama mlangoni. Njoroge akaniona usoni, akajua, maana tumenyonya titi moja.

"Sista," akasema kwa Kikuyu, "fikiri vizuri. Jina hilo ni lako, na Kariuki hatapata msichana wa kwanza mwingine."

Nilifikiri vizuri. Nilisema kwa sauti, ili wote wawe mashahidi, "Talaso."

Yule mama hakuelewa Kiswahili wala Kikuyu, lakini jina lake alilisikia. Alidhani namwita. Aliweka kikombe chini, akainuka kwa shida juu ya miguu ile, akaja hadi niliposimama, akangoja nimwambie nilichomwitia.